Banjo ya Saa Tisa

Bonde la Pawpaw, Kentucky
3 Machi 1986

Estill,

Sikuandikii kukujulia hali. Hali yako naijua: mzima, umeshiba, umekaa huko Dayton unatupaka matope.

Binti yake Arvil Stacy, yule mdogo aliyeolewa huko Ohio, kakileta kijarida chako cha muziki mpaka mezani kwa baba yake. Na Arvil, kama umesahau, ndiye msimamizi wa kanisa letu siku hizi. Juzi kanisimamisha mlangoni kwa posta, kakishika kwa ncha za vidole utadhani kinanuka, akaniambia, "Dada Verna, hebu nisaidie kusoma hapa." Nikasoma. Nimeunukuu huo uchafu wako ili uuone kwa mwandiko wangu:

"Za kusikiliza mwezi huu. Weka fidla pembeni, weka magitaa pembeni, wapumzishe na wale ndugu wanaoimba kwa pua. Sikiliza kanda moja tu: baba yangu, Hobert Sizemore, na banjo yake, peke yake, nyumbani kwetu, Oktoba 1974. Nilipokuwa mtoto, nikitoka shule saa tisa, niliisikia banjo hii tangu nikivuka kijito. Sikiliza kidole gumba kinavyourudia uzi wa tano, hakina haraka wala hakichelewi. Kentucky nzima hakuna tena mkono kama huu."

Oktoba 1974! Estill, yaani mpaka mwezi ukautaja?

Baba na Mama walibatizwa pamoja hapo kijitoni mwaka 1968. Ulikuja, ukasimama ukingoni na viatu vyako vya mjini, ukanuna siku nzima. Unajua utaratibu wa hapa. Mtu akiingia kwenye maji yale banjo inabaki nchi kavu, wala haichukui tena mpaka anakufa. Hakuna anayelazimishwa kujiunga, ila ukijiunga umejiunga. Sasa wewe umewatangazia watu wasiotujua kwamba Hobert Sizemore alikula kiapo na miaka sita baadaye alikuwa bado anapiga banjo ndani kwake kama kawaida.

Jumamosi hii ni siku ya shauri, kanisa linahukumu walioasi, na jina la Baba limeshawekwa. Wakimtenga, ametengwa. Unayajua mapafu yake. Mgodi ulishayamaliza, daktari hana jipya la kusema. Hazungumzii dawa tena, anazungumzia kuzikwa tu: alazwe kule juu ubavuni kwa Mama, Arvil atoe mstari wa wimbo, ndugu wote wauvute nyuma yake mpaka mlima ujae. Ndicho kitu pekee anachokitaka duniani. Mtu aliyetengwa haimbiwi, Estill. Hawaji. Wanapita barabarani kichwa chini.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwandikie Arvil leo hii, umwambie ulikosea tarehe, kanda ni ya kabla ya ubatizo. Mstari mmoja unatosha. Na usiniulize maswali. Uliitoa kanda ile kwenye droo ya Mama siku tuliyomzika, watu bado wanakula jikoni, bila kumwambia mtu hata neno. Leo huna haki ya kuuliza.

Verna


Dayton, Ohio
6 Machi 1986

Dada Verna,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na bado nimesimama. Sikiliza na wewe, maana inaonekana huko kwenu kila mtu anasema na hakuna anayesikiliza.

Sitaandika uongo. Tarehe sikuibuni, imeandikwa ubavuni mwa kanda kwa wino wa bluu, na mwandiko ni wako. "Nyumbani, Oktoba 1974." Hiyo "t" yako iliyopinda naijua tangu ulipokuwa unanifanyia kazi za shule. Usinifanye mtoto.

Sasa niambie, nani kamkosea mwenzake? Mimi niliyemsifu baba yangu mbele ya watu, au hao waliomnyang'anya mikono yake? Kwa miaka mingi sasa nawafundisha watu wasiojua kitu namna ya kuusikiliza muziki wetu. Nawaambia: anzeni na wale wazee wa kanisani wanaoimba bila ala, mmoja anatupa mstari, wengine wanauburuta. Kisha fidla za watu wasiowahi kuvuka kaunti yao. Kisha wanawake walioimba habari za mauaji huku wanamenya viazi. Kisha banjo, hasa ile ya kale, mkono unashuka na kucha, haudonoi. Na kila mara najiuliza, mbona nawatangaza baba za watu wengine wakati wangu yupo na hakuna anayemjua?

Barua zinanijia, Verna. Mtu niliyemtumia nakala ya kanda kaniandikia kutoka Oregon kwamba alisimamisha gari kando ya barabara akalia. Kwa ajili ya Baba! Na wewe unataka niseme nilikosea.

Hao akina Arvil wasinitishe. Arvil Stacy alikuwa anapika pombe ya mahindi kule juu mpaka siku aliyopata wokovu, na kila mtu alikunywa. Baba na asimame Jumamosi awaambie, "Ndiyo, nilipiga, na nilipiga vizuri." Mwanamume mzima aone aibu kwa kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya? Mwambie nimesema hivyo.

Mdogo wako,
Estill


Bonde la Pawpaw
9 Machi 1986

Wewe Estill,

Wamemtenga.

Nilimsindikiza mpaka ndani, nikakaa upande wa akina mama. Siku ya shauri sisi hatusemi, tunaangalia tu. Arvil kasimama na kijarida chako mkononi, kasoma yote, mpaka lile neno lako la saa tisa na kijito. Halafu akauliza kwa upole, maana Arvil kwa upole hajambo: "Ndugu Hobert, ni wewe huyu?"

Baba akainuka. Alichukua muda kuinuka. Akasema, "Tarehe mnayo hapo." Basi. Arvil akauliza tena, na tena, mpaka watu wakaanza kukohoa. "Ndugu, sema tu si wewe, tutakuamini." Baba akanitupia jicho pale nilipo, jicho kali, nikajua ananifunga mdomo. Akasema, "Sina la kuongeza." Wakainua mikono. Hata mzee Ples, aliyechimba naye mgodini zamu kwa zamu, kainua wake huku analia. Baba akachukua kofia yake, tukarudi. Daraja la kijito tumelivuka tukisimama mara tatu apate pumzi.

Sasa nalivunja agizo lake, maana nimechoka kuwa mtu mwema peke yangu katika familia hii.

Si Baba kwenye kanda ile. Ni Mama.

Rudia kusoma kama hukuelewa. Ni Mama, Delphia Sizemore, amekaa juu ya kitanda, mlango umefungwa, taulo limewekwa chini ya mlango. Mimi ndiye niliyewasha redio kaseti. Nilimwambia nataka nibaki na kitu chake, naye akacheka akasema, "Haya, ila usije ukamwonyesha mtu." Kwenye kanda kuna mahali mwishoni mtu anakohoa kidogo kabla sijazima. Umewahi kumsikia Baba akikohoa vile? Baba akikohoa madirisha yanatikisika!

Na hiyo banjo yako ya saa tisa, ukitoka shule, ukivuka kijito. Hebu nikuulize, bwana mkubwa wa kusikiliza. Saa tisa Baba alikuwa wapi? Miaka yote hiyo alikuwa zamu ya mchana. Saa tisa Baba alikuwa chini ya mlima, amelala ubavu akichimba makaa ya mawe. Alikuwa anarudi giza limeingia, uso mweusi, na wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa unampelekea maji ya kunawa. Ulidhani banjo inajipiga? Ulikuwa unaingia ndani unamkuta nani jikoni? Mama anafuta mikono kwenye aproni, mkate wa mahindi uko mezani, na banjo imetundikwa mahali pake. Ulikula ule mkate miaka kumi, na hata siku moja hukujiuliza.

Unawafundisha watu wa Oregon kusikiliza! Mama yako mzazi huujui mkono wake.

Na usifikiri ninapiga kelele kwa sababu ya Baba tu. Napiga kelele kwa sababu kitu kimoja alichokuwa nacho yule mwanamke, kimoja tu, umekichukua ukakiandika jina la mwanamume.

Verna


Dayton
13 Machi 1986

Baba,

Shikamoo. Verna kaniambia. Nimeisikiliza kanda tena, nimeisikiliza mpaka mke wangu kahamia kwa dada yake. Sitaki kueleza ninavyojisikia, nitaishia kutukana.

Ila wewe nakuuliza, na nakuuliza kwa hasira, unisamehe. Kwa nini ulikaa kimya? Walikupa mlango uko wazi kabisa. Ungesema "si mimi," neno dogo hilo, ukarudi kukaa mahali pako. Mama amelala kule juu, hakuna mtu wa kumtenga. Hawezi kuumia tena. Wewe ndiye unayeumia. Unataka kuzikwa kama mbwa kwa ajili ya nini?

Niruhusu niwaandikie. Nitaandika ukweli kanisani, na kwenye kijarida nitaandika kwa herufi kubwa.

Mwanao,
Estill


Pawpaw
20 Machi 1986

Estill mwanangu,

Marahaba. Naandika polepole, usilaumu mwandiko. Verna nimemkasirikia na nitaendelea kumkasirikia mpaka Jumapili.

Ni kweli ni mama yako. Mimi sikuwahi kuwa mpigaji. Mimi nilikuwa mtu wa kuchezesha walevi, na mlevi hata ukimgongea sufuria atacheza. Nyimbo zote nilizozijua kanifundisha Delphia, pale jikoni, akisubiri maharage yaive. Nilikuwa nashika nusu yake, nusu nyingine ilikuwa inanishinda. Jumamosi nikienda kwenye dansi na hiyo nusu wananipigia makofi, yeye kakaa ukutani na wanawake wenzake, amekupakata. Mwanamke wa kuolewa alikuwa hapandi jukwaani na banjo siku zile. Hakuna aliyekataza, ilikuwa haifanyiki tu.

Tulipobatizwa mimi kuiacha hakukunisumbua. Ilikuwa kama kuacha kofia iliyonibana. Mama yako aliiacha akakonda. Miezi mitatu hali chakula, anakaa kando ya jiko anapapasa meza kwa kucha. Nikamwambia mwenyewe, "Delphia, funga mlango, upige." Akaogopa. Nikasema, "Mungu akiuliza, jibu lake ninalo mimi."

Kwa hiyo wewe unaniambia niseme si mimi. Wangeuliza basi ni nani, na nyumba ile wapiga banjo tulikuwa wawili. Makofi yake niliyala mimi maisha yangu yote. Na lawama hii moja ikinijia, nimsukumie yeye aliye kaburini? Sitaki.

Usiwaandikie. Sikuombi, nakukataza. Nikizikwa kimya nimezikwa kimya. Afadhali hivyo kuliko kusikia jina lake mdomoni mwa Arvil Stacy.

Baba yako,
Hobert Sizemore


Dayton
24 Machi 1986

Ndugu Arvil Stacy,
Msimamizi, Kanisa la Pawpaw

Bwana Stacy,

Baba yangu kanikataza kukuandikia barua hii, kwa hiyo ujue naandika bila baraka zake.

Mmemtenga mtu asiye na kosa. Aliyepiga banjo Oktoba 1974 si Hobert Sizemore. Ni mama yangu Delphia, mke wake, ambaye ninyi mlimzika wenyewe mwaka juzi mkaimba mpaka jua likazama. Dada yangu alikuwepo chumbani, muulizeni. Kosa la kuandika jina la baba ni langu mimi, na kwenye toleo lijalo nitalisahihisha.

Baba alijua na hakusema, kwa sababu ni muungwana kuwashinda ninyi wote mlioinua mikono. Mzee wa watu hana hata pumzi ya kupanda ngazi zenu. Mrudishieni mahali pake upesi, na mkimrudishia mwombeni radhi.

Estill Sizemore


Pawpaw
14 Aprili 1986

Mpendwa Estill,

Salamu katika jina la Bwana wetu. Nakushukuru kwa barua yako, ijapokuwa maneno yake mengine yalikuwa makali, nami najua ni uchungu wa mtoto kwa mzazi. Mimi pia nilikuwa mtoto wa mtu.

Jumamosi tulikaa shauri, tukaisoma. Dada Verna alipoulizwa alitutazama tu akatoka nje, nasi tukachukua kwamba ni ndiyo. Nafurahi kukujulisha kwamba ndugu yetu Hobert amerejeshwa kwa kura ya wote. Nimempelekea habari hiyo mwenyewe. Mkono wa ushirika ataupokea siku atakayojisikia nafuu ya kuja, na siku yake ikifika tutamwimbia kama alivyotamani.

Kuhusu marehemu mama yako, ndugu wameona kwamba jambo hili sasa liko wazi na haliwezi kupuuzwa. Hatumhukumu, hukumu si yetu. Lakini aliishi na kufa akihesabiwa miongoni mwetu huku anashika kile alichoapa kukiacha. Hivyo katika ibada ya kumbukumbu, Jumapili ya pili ya Mei, tunaposoma majina ya ndugu na dada waliotutangulia, jina lake halitasomwa, wala miaka ijayo. Nisingependa ulisikie kwa mtu mwingine.

Mke wangu Rushie anakusalimu. Anakukumbuka ukiwa mdogo.

Wako katika Kristo,
Arvil Stacy


Dayton
17 Aprili 1986

Verna,

Nimepata barua ya Arvil. Ina adabu nzuri, laini, unaweza kumlisha mtoto. Nimeivunja redio ya jikoni kwa ngumi, sasa mkono umevimba na naandika kwa shida.

Nilitaka kumtoa Baba, nimemtupa Mama. Sema lolote unalotaka, nitanyamaza. Kijarida kimetoka jana na jina lake limeandikwa pale juu, Delphia Sizemore, kwa herufi kubwa, lakini kinamsaidia nini kule mlimani? Watu wa Oregon hawatakuja kumsomea jina.

Baba anasemaje? Nimempigia simu dukani kwa Ples mara mbili, ameambiwa, hakuja kuipokea.

Estill


Bonde la Pawpaw
12 Mei 1986

Estill,

Nilikuacha bila jibu makusudi. Sikuwa na neno zuri la kukuandikia, na haya mabaya yalikuwa yanazidi nafasi ya karatasi. Sasa kaa chini, ninayo habari.

Arvil alipokuja Aprili kumwambia Baba amerejeshwa, Baba alikuwa barazani. Alimsikiliza mpaka mwisho. Arvil akamaliza na la Mama, taratibu, kama mtu anayemwekea mgonjwa mto. Baba akasema, "Asante, Arvil, umefika." Basi, akaingia ndani. Nikadhani amevunjika. Wiki nzima hakutaka kula, maharage yanarudi kama yalivyokwenda. Halafu asubuhi moja akaniita, "Verna, banjo iko wapi?" Nikamwambia iko kabatini, nyuma ya mablanketi, tangu Mama afariki. "Nyuzi zimeoza?" Zimeoza. "Nenda mjini kanunue."

Nikamwuliza za nini. Akasema, "Wewe mtoto, unanunua au hununui?" Nikanunua.

Kuanzia hapo kila siku alasiri ananifukuza nyumbani. "Nenda kamtembelee mtu." Nikaenda kwa Rushie, mke wa Arvil, kurudisha sufuria yake, na sikuwa na nia ya kukaa. Rushie akanishika mkono pale uani, machozi yanamtoka. Akaniambia, "Verna, tulikuwa tunamsikia." Nani? "Mama yako. Taulo lile halikuzuia kitu, mwanangu. Sauti ilikuwa inavuka maji. Mimi na Arvil, na akina Ples kule chini, kila mtu upande huu. Ikianza tunazima redio, tunatoka na viti barazani. Arvil alikuwa anakaa pale na kikombe chake mpaka iishe. Hatukusema, tulijua tukisema ataacha."

Estill, nilitaka kumpiga yule mama mzee wa watu. Miaka kumi na tano! Wamekaa na viti vyao, wameburudika bure, wamekunywa kahawa wakiusikiliza mkono wa Mama, halafu wanainua mikono hiyo hiyo! Na Arvil kasimama kanisani anauliza "ni wewe huyu?" huku anajua. Alijua tangu siku ya kwanza, wala hakupepesa jicho. Nilimwambia Rushie maneno ambayo siyaandiki hapa. Akayapokea yote, akaniambia nina haki.

Nikamweleza Baba. Nilitegemea atakasirika. Akasema, "Hata na Ples?" Nikamwambia hata na Ples. Akarudi kupapasa nyuzi.

Sasa jana. Ibada ya kumbukumbu. Kanisa limejaa, magari mpaka barabarani, madirisha yote wazi kwa joto. Unajua kutoka barazani kwetu mpaka kwenye madirisha yale ni kijito tu katikati. Baba alivaa suti yake ya kuzikiwa. Nikamwuliza kama tunakwenda, akasema "wao watakuja." Akakaa kwenye kiti cha Mama, mpira wa oksijeni puani, banjo mapajani.

Tukasikia Arvil anaanza kusoma majina. Anasoma jina moja, watu wanaitikia, anasoma lingine. Akawafikia waliokufa mwaka juzi, akamsoma aliyemtangulia Mama, akamsoma aliyemfuata. Hapo kati hakutua hata kuvuta pumzi.

Baba akaanza kupiga.

Nikwambie ukweli, mdogo wangu? Lilikuwa balaa. Kidole gumba kinauwahi uzi wa tano au kinaukosa kabisa, kucha zinakwaruza ngozi ya banjo, wimbo anaujua nusu, ile nusu nyingine anairuka na kurudi mwanzo. Na kwa nguvu! Sijui zilitoka wapi. Mbwa wa Ples akaanza kubweka. Kule ng'ambo kusoma kukakoma. Watu wakatokeza madirishani, halafu mlangoni, halafu wakawa wanashuka ngazi, wanawake na kofia zao, watoto wanacheka. Hakuna aliyeziba masikio. Wamesimama kando ya maji wote, wanatazama huku kwetu, na Baba anakwaruza tu, jasho linamtiririka.

Arvil akavuka daraja na wazee nyuma yake. Akaingia uani, uso umemwiva. "Hobert! Unavuruga ibada ya marehemu!"

Baba akasimamisha nyuzi kwa kiganja. Akavuta pumzi muda mrefu, tukamsubiri. Akasema, "Arvil, nimepiga vizuri?"

"Nini?"

"Wewe ni mtu wa kusikiliza. Una kiti chako barazani. Nakuuliza, nimepiga vizuri?"

Ples akasema kutoka nyuma, chinichini, "Hapana, Hobert. Vibaya sana."

"Basi mnajua tofauti," Baba akasema. "Miaka yote mlikuwa mnajua tofauti. Sasa nitengeni kwa hii. Hii ni yangu. Ile ya Delphia mlikwisha kuila, hamwezi kuitapika leo mkasema ilikuwa sumu."

Arvil akasema hilo ni jambo la Jumamosi ya shauri. Baba akamwambia hana Jumamosi nyingi, afanye hapo hapo. Wakanong'ona, wakageukiana, mwisho Arvil akauliza anayekubali ndugu Hobert atengwe ainue mkono. Ikainuka michache, kwa kusitasita. Baba akatazama, akaona haitoshi, akainua na wake. Juu kabisa, na kucha zake nyekundu kwa damu. Rushie kule ng'ambo ya maji akaanza kucheka na kulia pamoja, akaita kwa sauti kubwa, mbele ya kanisa zima, mbele ya mume wake: "Delphia Sizemore!" Hakuna aliyeitikia. Akaita tena. Wanawake wawili wakaitikia, halafu wanne. Arvil akageuka akarudi kwa daraja bila kuaga.

Kwa hiyo ametengwa, safari hii kwa kura yake mwenyewe. Usiku amekula maharage bakuli mbili. Leo hawezi kuamka kitandani, na daktari ameniambia nikuite, usingoje barua ya pili.

Bado nimekukasirikia. Nitakukasirikia mpaka nife, uzoee. Lakini wazee hawatakuja kutoa mstari, na Rushie hajui kama ataruhusiwa kuvuka, kwa hiyo siku ile ya kumzika tutakuwa mimi na wewe tu juu ya mlima. Mimi nitatoa mstari, wewe utauvuta. Sauti yako mbaya naijua, ulifukuzwa kwaya ya shule. Njoo nayo hivyo hivyo.

Dada yako,
Verna